Safu ya Sababu

Mimi ndiye niliyejaza ile fomu.
Tarehe, eneo, kina cha shimo, mifuko ya saruji,
na pembeni kabisa, nyembamba kama ufa,
safu ya sababu.

Fundi Anaeli hakuwa mtu wa kutazamwa.
Buti limetoboka kidoleni, kofia ya benki iliyokwisha fungwa,
deni la sukari na vocha dukani kwa Mama Ombeni.
Ukimwita kwa nyuma, haitiki.
Mkewe, Aikande, alisema mbele yetu sote
siku aliyokuja dirishani kuuwahi mshahara kabla haujanywewa:
"Huyu anasikia mabomba. Mimi si bomba."

Na kweli alisikia.
Saa tisa usiku, mbwa wa Kiusa wamechoka,
malori ya Himo bado,
alisimamisha nondo juu ya lami
akainama, sikio kwenye ncha,
kama mtu anayenong'onezwa deni lake.
Kisha msalaba wa chaki.
"Hapa. Inchi mbili. Limetoboka upande wa chini,
tena si leo, tangu Jumatano."
Tukachimba. Inchi mbili. Upande wa chini.
Ya Jumatano hatukuwa na pa kuuliza.

Wapo waliosema kipaji.
Wapo waliosema dawa, ya babu yake huko Mamba.
Kimaro, dereva wetu, alitema njiti ya meno akasema
miaka ishirini na sita hiyo,
hata mbuzi ukimpa nondo na miaka ishirini na sita.
Nami nikajaribu, usiku, kwa aibu, nje ya kwangu Pasua.
Nilisikia sikio langu:
damu inakwenda, damu inarudi,
na jirani dirishani akiuliza nimedondosha nini.

Ndipo ilipokuja mashine, sanduku la njano,
na injinia kijana, mpole, sina la kumsema.
Longuo maji yalikuwa yanapotea.
Mashine ikasema: karibu na kanisa.
Anaeli akasema: huku, kwenye uzio wa shule.
"Maji mengi. Yanatembea."

Yanatembea. Ofisini kwetu maji huvuja,
hupasuka, hupotea, hudaiwa.
Sikuwahi kusikia yanatembea.

Wakamwachia, kwa heshima ya Jumatano zake zote.
Mita moja na nusu: bomba zima, halina hata jasho.
Injinia akafunga daftari polepole, asimwaibishe.
Anaeli akasema, chini zaidi.
Mita mbili. Mbili na robo.
Sururu ya kibarua ikazama, ikakosa udongo,
na chini ya mawe yaliyopangwa kwa mkono, bila saruji,
mfongo.

Mfongo ambao ramani yetu haiujui,
maji meusi ya mlima, ya baridi, yanakwenda zake,
kana kwamba waliouchimba wametoka kidogo kunywa mbege
na zamu ya jioni watarudi.

Bomba lililopasuka lilikuwa karibu na kanisa.
Mashine haikukosea.

Anaeli alikaa juu ya kifusi, akavua buti.
"Nilijua si sauti ya chuma," akasema.
"Nikadhani nazeeka."

Vibarua watano, siku mbili, saruji mifuko minne,
vyote vikatwe mshaharani.
Kwenye safu ya sababu nilitakiwa kuandika uzembe.
Kalamu ikasimama, nikaandika:
Palikuwa na maji.
Mkuu akayakata kwa wino mwekundu,
akaandika lile neno lake, na likaenea vizuri tu.

Shimo lilifukiwa. Anaeli sasa anasoma mita.
Nikipita Longuo hupunguza mwendo pale uzioni;
sisikii kitu, nimeshazoea.
Ila Jumapili moja, watu wakitoka ibadani,
nilimwona Aikande amesimama juu ya kile kiraka,
kitenge cha sikukuu, viatu mkononi,
nyayo chini,
amenyamaza kama anayesubiri aitwe.